Mawanda ya mradi wa barabara Kusini: anza na maji, malizia na visivyomo

Ombi la barabara huja ofisini likiwa sentensi moja: "Barabara ya kutoka kijijini hadi kwenye lami itengenezwe." Limepita mkutano wa kijiji, likapanda kamati ya maendeleo ya kata, diwani akalibeba hadi barazani, na sasa liko mezani kwako wewe mhandisi uliyepangiwa wilaya hii juzi. Kati ya sentensi hiyo na siku greda linaposhushwa kutoka kwenye lobedi, trela la kubebea mitambo, kuna karatasi chache za kuandika. Hizo ndizo mawanda ya mradi: kitajengwa nini, kuanzia wapi hadi wapi, kwa kiwango gani, kwa ajili ya mzigo gani, na nini hakimo.

Mimi ni fundi sanifu wa barabara. Kazi yangu yote nimeifanya juu ya Uwanda wa Makonde na mabonde yanayouzunguka, Newala, Tandahimba, Masasi, na mara moja moja upande wa Lindi. Wahandisi vijana huniita mama, kisha wanakimbilia BOQ, jedwali la kazi, vipimo na gharama. Nawaelewa, kwa sababu BOQ ina mistari ya kujaza na ukiijaza unaona umefanya kazi. Mawanda yanakutaka utembee, uulize, ukae chini ya mwembe, halafu uandike kitu ambacho mtu mwingine atakisoma asikuulize swali. Haya ninayoandika ni namna ninavyoyafanya mimi.

Barabara ni ya nani

Hili lichukue asubuhi moja tu. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, tangu mwaka 2000. Za wilaya zinasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambayo ilianza Julai 2017. Angalia daraja la barabara kwenye orodha rasmi, usitegemee watu wanavyoiita. Nimewahi kusikia njia ya mikokoteni ikiitwa "barabara ya mkoa" kwa sababu mkuu wa mkoa aliwahi kupita.

Pa kuangalia kwa makini ni pale barabara yako inapokutana na ya mwenzako. Hifadhi ya barabara kuu na ya mkoa ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Kwa hiyo mita 30 za mwisho za barabara yako ya wilaya zimo ndani ya hifadhi isiyo yako. Nani atajenga mdomo wa makutano? Nani ataweka kalavati, yaani bomba la kupitisha maji, chini yake ili mtaro wa barabara kuu usizibwe na kifusi chako? Mawanda yasipojibu, mkandarasi ataishia kwenye mpaka wa hifadhi, na magari yatadumbukia mtaroni ili kupanda lami. Andika barua ya kibali mapema, na weka sentensi moja: "Makutano yamo ndani ya mradi, pamoja na kalavati ya mtaro wa barabara kuu," au "hayamo, yatajengwa na fulani kabla ya tarehe fulani."

Andika mzigo na mwezi

Dhumuni la mradi watu huliandika kwa maneno ya hotuba: kuchochea uchumi, kuinua kipato, kufungua fursa. Ni kweli yote, lakini huwezi kupima unene wa moramu, changarawe ya barabara, kwa kipato kilichoinuka. Mimi huandika dhumuni kwa gari, mzigo na mwezi: "Fuso lenye tani kumi za korosho litoke ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na kufika barabara kuu mwezi Januari, bila kusukumwa." Hiyo mtu anaweza kusimama barabarani Januari na kuikagua.

Mwezi ni muhimu huku kwetu kuliko kwingine, na sababu ni korosho. Mavuno yanaanza kushika kasi Oktoba, minada inaendelea, magunia yanahama kutoka maghala ya vijijini kwenda maghala makuu hadi bandari ya Mtwara. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuishia karibu Aprili. Kwa hiyo magari mazito kuliko yote ya mwaka yanapita wakati udongo wa chini ya barabara umelowa kuliko wakati wowote wa mwaka. Ukihesabu magari Juni, utaona pikipiki, baiskeli na landkruza ya misheni, utaandika "magari machache", na kiwango utakachochagua kitakufa msimu wa kwanza. Hesabu msimu wa korosho. Ukishindwa kusubiri, nenda kwa katibu wa AMCOS umwombe daftari la mizigo ya msimu uliopita. Tani ziko mle, na ukizigawa kwa tani za gari moja unapata safari. Halafu muulize magari yalikuwa ya aina gani, kwa sababu semi-trela moja iliyojazwa inaumiza barabara kuliko msururu wa fuso nyepesi. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi mawili mawili, lakini vijijini hakuna mizani, na dereva anayekimbiza mnada hapimi.

Usiishie kwenye korosho lakini. Historia ya huku ina somo lake kuhusu njia iliyotundikwa kwenye zao moja. Waingereza walipokuja na mradi wa karanga mwaka 1947 walijenga bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi wa karanga uliachwa mwaka 1951. Reli ilibaki bila mzigo wa kuitosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Bandari bado ipo, kwa sababu ilipata kazi nyingine. Kwa hiyo chini ya sentensi ya korosho, weka ya pili na ya tatu: mjamzito anayekwenda kituo cha afya usiku wa Februari, watoto wa shule wanaotembea ukingoni, mihogo na choroko za siku ya gulio. Sentensi hizo ndizo zitakazokuambia kama unahitaji bega la kutembelea watu na kivuko kwenye korongo fulani ambalo fuso halipiti kabisa.

Tembea yote

Gari libaki mwanzo wa barabara, au dereva alipeleke mwisho akakusubiri. Ukiwa ndani ya gari huoni mtaro uliojaa mchanga, huoni mzizi wa mkorosho ulioinua tuta. Beba tepu, rangi ya kupuliza, koleo, simu yenye GPS, na kipimo cha DCP kama ofisi inacho. Hicho ni chuma chenye ncha kinachopigwa na nyundo ya kilo 8 inayodondoka sentimita 57.5, unahesabu mapigo na unasoma kimeingia kiasi gani. Kinakupa picha ya nguvu ya udongo bila kusubiri maabara.

Wa kutembea nao ni mwenyekiti wa kitongoji, dereva wa fuso, kijana wa bodaboda, na mtu mzima mmoja aliyeishi hapo tangu barabara ikiwa kichochoro. Kijana wa bodaboda ndiye bora kuliko wote. Anajua kila mahali anapomshusha abiria ili avuke, na anajua mwezi gani. Andika kila jambo kwa cheineji, yaani umbali kutoka mwanzo wa barabara, kuanzia 0+000. "Karibu na mwembe mkubwa" haitoshi, maana miembe mikubwa ni mingi.

Tembea kiangazi upime, kisha rudi siku ya mvua uone. Kama bajeti inakuruhusu safari moja tu, chagua ya mvua.

Maji

Hapa nitakaa, kwa sababu barabara zetu zinauawa na maji kuliko magari.

Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga, mwekundu, unaokunywa maji haraka. Ndiyo maana juu huku hakuna mito, na ndiyo maana bibi zetu walishuka mabondeni na mitungi. Mgeni anaona mchanga mkavu anasema mitaro haina haja. Anachosahau ni kwamba barabara yenyewe ni paa. Ukishaishindilia, hainywi tena. Chukua kilomita moja, upana wa mita 10 ukijumlisha na mitaro, mvua ya milimita 50 ya mchana mmoja. Hizo ni lita 500,000, sawa na maboza 50 ya lita 10,000. Sehemu kubwa ya maji hayo inakusanyika mtaroni na kukimbia pamoja kuelekea sehemu moja. Mchanga uleule uliokuwa unakunywa maji yaliyotawanyika haustahimili hata saa moja maji yaliyokusanyika. Unakatika.

Na ukingo hauko mbali. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu pale Newala anajua ardhi inavyoporomoka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Barabara nyingi za wilaya zinatoka juu zikishuka mabondeni, na pale zinapoinama ndipo makorongo yanapoanzia.

Tulikuwa tunapima mteremko mmoja wa namna hiyo na mhandisi kijana, tukamkuta bibi anapalilia shamba lililo chini ya barabara.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mnapima barabara? Haya, na maji mnayapeleka wapi?"

"Tutaweka kalavati hapo juu, bibi," kijana akamjibu.

"Kalavati nimesikia. Nauliza yakishatoka humo yanakwenda wapi."

Kijana akatazama mchoro. Mchoro ulikuwa unaishia mita tano nje ya kalavati, kwenye ukuta wa kutokea. Zaidi ya hapo palikuwa karatasi nyeupe, na kwenye karatasi hiyo nyeupe ndiko mikorosho ya bibi ilikosimama.

Kanuni yangu ni hii: mpaka wa mradi uko pale maji ya barabara yanapoacha kuleta madhara, hata kama ni mita 200 nje ya lami. Kila mahali unapotoa maji, yafuate kwa miguu mpaka uone moja kati ya mambo mawili. Ama yamefika kwenye mkondo wa asili wenye sakafu ngumu, ama yametawanyika kwenye nyasi na kuisha nguvu. Umbali huo wote uandike ndani ya mawanda pamoja na kinachohitajika: mtaro uliojengewa mawe, ngazi za mawe za kuvunja kasi, gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) mwishoni. Kisha andika njia itakayotumika kupitisha mtaro huo shambani, na kama mwenye shamba amekubali.

Dawa ya bei nafuu ni kutoa maji kidogo kidogo. Mitaro midogo ya kuchepusha maji pembeni, mingi, iliyokaribiana zaidi kadiri mteremko unavyokuwa mkali, inafanya kila tone liende karibu na lilipoangukia. Lakini kila mtaro wa kuchepusha unamwagia mtu shambani. Kwa hiyo hauwi "maelezo madogo ya saiti" ya kuamuliwa na opereta wa greda. Uwe kwenye mawanda, una cheineji, una upande, umekubaliwa na mwenye shamba. Opereta akiachiwa aamue, atachepusha palipo rahisi kugeuza greda.

Mabondeni na pwani shida inageuka. Kule maji yanakuja kutoka mbali, mvua ikiwa imenyesha kwingine. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika wilayani Kilwa, Somanga ikiwemo, na Kusini yote ikabaki upande wa pili. Ile ni barabara kuu, tena ya lami. Kwa barabara ya wilaya inayovuka mkono wa mto Lukuledi au Mbwemkuru, swali la kuamua mapema ni mafuriko ya kiasi gani unayajengea: yale yanayotarajiwa mara moja kwa miaka 10, 25 au 50? Wengi wanaliacha swali hili kwa msanifu. Mimi nasema ni la mawanda, kwa sababu jibu lake linabadilisha gharama, na mwenye fedha lazima aseme ndiyo akijua. Pengine jibu la busara ni drifti ya zege, kivuko cha chini kinachopita sakafuni mwa mto, inayokubali kufunikwa na maji saa chache kila mwaka, yenye nguzo za kupima kina ili dereva ajue asivuke. Kijiji kikikubali saa chache hizo kwa maandishi, hakuna atakayesema umejenga daraja bovu.

Ukubwa wa kalavati usiuchukue kwenye mradi wa jirani. Uliza maji yalifika wapi mwaka mbaya kuliko yote. Watu wanakumbuka, watakuonyesha mti, ukuta wa nyumba, ngazi ya msikiti. Pima hapo. Na usikubali bomba la milimita 600 kwa sababu lipo stoo. Mchanga wetu unaliziba, na mtu hawezi kuingia kulizibua. Kuanzia milimita 900 kibarua anaingia na koleo.

Moramu na maji ya kushindilia

Juu ya uwanda mchanga ni wa bure na moramu ni dhahabu. Kabla hujaandika "kilomita 12 za changarawe", tafuta changarawe hiyo iko wapi. Chukua hesabu: kilomita 12, upana mita 6, unene sentimita 15, ni meta za ujazo 10,800 zilizoshindiliwa. Ongeza thuluthi hivi kwa ulegevu wa lori, unakaribia 14,000. Kwa lori la meta 10 ni safari 1,400. Machimbo yakiwa kilomita 20, kwenda na kurudi ni kilomita 56,000 za lori, na barabara zitakazobeba malori hayo nazo ni zako. Ndiyo maana machimbo ni sehemu ya mawanda: yako wapi, yana kiasi gani, nani mwenye ardhi, nani atayafukia mashimo ili watoto wasizame mvua zikijaa.

Chimba mashimo ya majaribio na peleka sampuli maabara. Ukiambiwa moramu ni G15, maana yake CBR yake, kipimo cha nguvu ya udongo, haipungui 15. Kwa tabaka linalobeba lami utahitaji bora zaidi ya hapo, na huenda ikabidi kuchanganya saruji. Jua hilo sasa, kabla mkandarasi hajakuambia akiwa amesimamisha mitambo.

Maji ya kushindilia yanasahaulika kila mara. Bomba la juu huku linalishwa kwa maji yanayosukumwa kutoka bondeni Mitema, na wananchi wenyewe hawatoshelezwi. Boza la mkandarasi likisimama kwenye kioski cha kijiji, utaitwa mkutanoni. Andika chanzo, umbali, na marufuku ya kutumia bomba la wananchi.

Mikorosho, makaburi na nguzo

Upana wa kazi uandike kwa mita kutoka katikati ya barabara, kila upande, kwa kila kipande. Maneno kama "kupanua inapobidi" ndiyo yanayozaa X nyekundu kwenye nyumba ambayo haikutakiwa kuguswa. Kila kilichomo ndani ya upana huo kihesabiwe: mikorosho, minazi, nyumba, makaburi, visima. Mkorosho unazaa kwa miaka mingi, mwenye nao hauoni kama mti mmoja, anauona kama ada ya shule. Kama kipande kitahitaji ardhi ya mtu, mthamini aingie kabla ya tangazo la zabuni, na fedha ya fidia iwe na kifungu chake. Kumbukumbu za mkutano wa kijiji zipigwe muhuri na zikae ndani ya faili la mradi. Mara nyingi nimeona kwamba ukisogeza mstari wa katikati mita mbili upande mmoja unaokoa safu nzima ya mikorosho na makaburi mawili. Fanya hivyo kwenye karatasi, ambako hakuna gharama.

Nguzo za umeme, mabomba ya maji na mkongo: waandikie wenyewe, wakupe gharama za kuhamisha, na kila kimoja kiwe na tarehe iliyo kabla ya mkandarasi kufika. Ukiwa upande wa Mtwara vijijini, Lindi au Kilwa, angalia pia bomba la gesi linalotoka Madimba kwenda Dar es Salaam, lililokamilika 2015. Lina mkuza wake, ukanda wa ardhi uliotengwa, na huchimbi karibu nalo bila idhini ya TPDC, shirika la mafuta na gesi la taifa. Mazingira nayo yana utaratibu wake chini ya sheria ya 2004. Anzisha usajili NEMC, kwa wasimamizi wa mazingira wa taifa, mapema, kwa sababu cheti kina muda wake na hakisikilizi haraka yako.

Fedha haitoshi

Haitatosha. Sijawahi kuona ikitosha. Swali ni ukate nini, na hapa nina msimamo: kata urefu, usikate unene wala mitaro. Wanasiasa wanapenda kilomita kwa sababu zinatajika jukwaani. Lakini kilomita 12 za moramu ya sentimita 7 bila mitaro zinakwisha kwa msimu mmoja.

Kwa barabara nyingi za wilaya, kutengeneza maeneo korofi kunamfikisha mwananchi kuliko kutandaza barabara yote. Katika zile kilomita 12, huenda 9 zinapitika mwaka mzima zikiwa za udongo tu, na shida yote iko kwenye miteremko miwili na mabonde mawili, jumla kilomita 3. Safari za lori zinashuka kutoka 1,400 hadi 350. Fedha iliyobaki inalipa zege kwenye miteremko, kalavati za kutosha na njia za maji mpaka chini. Dhumuni lako la fuso la Januari linatimia. Ndiyo faida ya kuliandika vile.

Ukigawa kwa awamu, awamu iishie pa maana: kwenye makutano, kijijini, ng'ambo ya mto. Isiishie katikati ya mteremko wala hatua chache kabla ya korongo. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi yenye kilomita 210 iligawanywa namna hiyo, Mtwara hadi Mnivata kilomita 50 kwanza, kisha 160 zilizobaki. Kila awamu iwe na kazi yake yenyewe, ili hata ya pili ikichelewa, ya kwanza isikae ikisubiri.

Na kalenda: mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukianza kuandika mawanda Julai, utatangaza zabuni kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, Septemba, mkandarasi anafika pamoja na mvua na malori ya korosho. Yaandike Aprili, tope likiwa bado linaonekana, ili Julai uwe tayari. Ndani yake sema mpangilio: kalavati na njia za maji kwanza, tuta baadaye.

Ukurasa wa visivyomo

Wengi hawauandiki, na ndio unaokulinda. Ukurasa mzima, kichwa chake "Visivyomo katika mradi huu". Taa hazimo. Barabara ya kuingia sokoni haimo. Kilomita mbili za kwenda kitongoji cha pili hazimo, ziko awamu ya pili. Stendi haimo. Matengenezo baada ya kipindi cha uangalizi hayamo, na ni ya fulani.

Kazi ikiwa katikati, mheshimiwa diwani atakuja saiti. "Mhandisi, greda si lipo hapa hapa? Songeni mbele kidogo mpaka kwa wale wazee." Usimbishie mbele ya watu. "Mheshimiwa, kipande hicho tunacho kwenye karatasi, ukurasa wa visivyomo, tulisaini pamoja. Tukipeleka greda huko, moramu ya mteremko wa msikiti itapungua. Tuandike ombi, tulihesabu, likikubalika lipate fedha yake." Mara nyingi atalielewa, hasa akiwa na nakala yake mwenyewe ya kuwaonyesha wazee.

Mabadiliko yatakuwepo, hakuna mradi usio nayo. Weka njia yake: nani anaomba, nani anapima athari ya fedha na siku, nani anasaini, na kwamba mkandarasi hagusi kitu kwa maneno ya simu. Hata yakiwa maneno yangu.

Yote haya yasizidi kurasa nane na mchoro mmoja wa mstari wenye cheineji. Wasaini mwajiri, mhandisi na serikali ya kijiji. Nakala ya kijiji iwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, ikiwa na mwanzo, mwisho, upana, njia za maji na visivyomo. Nyingine mpe mkandarasi siku ya kukabidhiwa saiti, mtembee nayo barabara yote kutoka 0+000, mkipuliza rangi kila mahali palipotajwa, na asaini kila ukurasa kabla hajashusha greda.